Maji Hupanda, Plastiki Hubaki

Mwezi Machi 2015 watafiti walinunua samaki 40 sokoni Mwanza, sangara 20 na sato 20. Walinunua kama anavyonunua mama yeyote anayekwenda kupika, ila samaki wao hawakufika jikoni. Waliwapasua, wakatoa matumbo, wakayayeyusha kwa kemikali, kisha wakachunguza kile kilichogoma kuyeyuka. Kati ya kila sangara watano, mmoja alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Sato vivyo hivyo. Vilikuwa vipande vya jamii ya mifuko na vifungashio, ya nguo za poliesta, ya sponji, vingi vidogo kiasi kwamba mpishi asingeviona hata kama angeosha samaki wake mara tatu.

Watafiti hao walikuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao kutoka Denmark. Makala yao ilitoka mwaka 2016, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuthibitisha plastiki ndogondogo ndani ya samaki wa Maziwa Makuu ya Afrika.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu habari za plastiki zinasimuliwa kwa bahari: kasa aliyemeza mfuko, ndala zinazoletwa na maji kwa marundo baada ya kusi, wavuvi wanaoopoa chupa zenye maandishi ya nchi wasizozijua. Nilikuwa nimeizoea simulizi hiyo hata nikaona ndiyo yote. Kisha Agosti 2025 wajumbe wa mataifa wakaondoka Geneva mikono mitupu, bila mkataba wa plastiki ambao dunia iliahidiana jijini Nairobi mwaka 2022. Magazeti yote niliyosoma yaliandika kwamba bahari imepata pigo. Ziwa sikuona likitajwa. Mvua za vuli zilipoanza nikapanda basi la Mwanza, kwa sababu nilitaka kujua mkataba ule ungemfaa nini mtu anayeishi kilomita mia nyingi kutoka chumvi.

Kutoka stendi ya Nyegezi mji unajitokeza mawe kwanza. Mawe makubwa ya mviringo juu ya vilima, nyumba zimebanwa katikati yake, bati juu ya bati hadi kileleni. Ziwa linaonekana baadaye, kipande kwa kipande, kila barabara inapokata kona. Wageni hupelekwa kulitazama jiwe la Bismarck pale majini, na ni zuri kweli, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kufika Kirumba.

Bodaboda alinishusha Mwaloni kukiwa bado na giza. Hili ndilo soko ambalo nusu ya Afrika ya Kati inakuja kula. Dagaa waliokaushwa wamejazwa kwenye magunia ya salfeti, yameshindiliwa hadi yanakaribia kupasuka, na wapagazi wanayapandisha kwenye malori yanayokwenda Burundi, Rwanda, Kongo, mengine hadi Zambia. Upande mwingine kuna kayabo, sangara aliyepasuliwa na kutiwa chumvi. Minofu ya sangara yenyewe haipiti hapa. Inatoka viwandani, inapanda ndege kwenda Ulaya, na mabondo yanakwenda China. Mtu akiniambia ziwa hili ni la watu watatu, Mtanzania, Mganda na Mkenya, nitamrudisha Mwaloni asubuhi ahesabu namba za magari.

Nilisimama kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa anachambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanunua au unaangalia?"

"Naangalia kwanza."

"Angalia basi. Macho hayalipiwi."

Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila yeye kuvitazama. Alitoa jani la gugu maji, akatoa konokono wawili, akatoa furu mdogo aliyejichanganya. Na pembeni ya ungo, juu ya kipande cha boksi, alikuwa na kifungu kingine. Niliinama nikakitazama kwa karibu. Nyuzi za kijani za wavu, fupi kama kope. Vipande vya mfuko mweusi, kimoja sawa na ukucha wa kidole kidogo. Kizibo cha bluu cha chupa ya maji. Punje nyeupe za lile povu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, nyepesi, zinataka kuruka kila akipumua.

"Hivi vyote vimekuja na dagaa?"

"Humohumo. Zamani nilikuwa natoa majani na konokono. Siku hizi natoa na hivi."

"Ukishavitoa unavipeleka wapi?"

Akaacha kuchambua, akaniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe ungevipeleka wapi?"

Nilitazama. Pipa lilikuwepo, mbali, limefurika, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa yanatiririka chini yake kuelekea ziwani, hatua chache tu. Jioni kifungu kile kitafagiliwa pamoja na magamba, na mvua ikinyesha tena kitarudi kilikotoka. Sangara angalau hutolewa matumbo kabla ya kuingia sufuriani. Dagaa huliwa mzima, kichwa, utumbo na yote yaliyomo, na ndiye samaki wa mtu asiye na hela ya samaki mwingine. Ndiye tunayewasagia watoto kwenye uji. Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko takwimu zozote nilizokuja nazo.

Kuna sababu ya kuwa na hofu zaidi kwa ziwa kuliko kwa bahari, na ni sababu ya hesabu ya maji. Ziwa Victoria lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia humo ni mvua inayoliangukia moja kwa moja. Na sehemu kubwa ya maji hayo, karibu kiasi hichohicho, hurudi juu kwa mvuke. Mito kama Kagera, Mara na Simiyu inaongeza yake, na mlango wa kutokea ni mmoja peke yake, Jinja, ambako Nile inaanza safari ya kwenda Misri na Mediterania. Maana yake ni kwamba maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kupanda angani, na plastiki haijui kupanda. Jua hulichukua tone, huiacha chupa. Huikausha, huipasua, huifanya vipande, na vipande kuwa chembe. Mfuko ulioingia na maji ya mvua kutoka mtaa wa Igogo, hapa Mwanza, una njia mbili: upite Jinja, mbali kule kaskazini, au ubaki.

Sisi wa pwani tuna pepo zetu. Kaskazi na kusi hutuletea taka za wengine na kuwapelekea wengine taka zetu, na katika kupokezana huko kila mmoja anapata wa kumlaumu. Hapa hakuna pa kuzipeleka. Shirika la OECD lilikadiria kwamba mwaka 2019 tani milioni 6.1 za taka za plastiki ziliingia kwenye mito, maziwa na bahari za dunia, na kati ya hizo zilizofika baharini zilikuwa tani milioni 1.7. Jumla ya plastiki iliyokwisha kurundikana baharini wakaikisia kuwa tani milioni 30. Mitoni, tani milioni 109. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokiita uchafuzi wa bahari bado haijafika baharini. Iko njiani, kwenye maji ambayo watu wanakunywa.

Mwanza wanayanywa. Mji huu unavuta maji yake ziwani, Capri Point na sasa Butimba, unayasafisha na kuyapandisha vilimani kwa mabomba.

Siku iliyofuata ilinyesha mvua kubwa, ile ya kanda ya ziwa inayokuja na radi tangu alfajiri, na ilipopungua nikaufuata Mto Mirongo. Ni mto mdogo unaokatiza mji. Siku za jua unaupita bila kugeuka. Baada ya mvua unakuwa mwekundu na wenye kelele, na pale Mabatini nilisimama darajani pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri maji yapungue, tukawa tunatazama vinavyopita. Chupa, chupa, ndala, ndoo iliyopasuka, nepi za watoto, mfuko uliojaa takataka ukiwa umefungwa vizuri kabisa kwa fundo. Huo mfuko uliofungwa ndio ulionigusa. Kuna mtu alikusanya taka zake, akafagia, akafunga, akafanya kila alichofundishwa shuleni, kisha akakosa mahali pa kuupeleka, maana gari la taka haliwezi kupanda mawe yale. Akausubirisha karibu na mfereji hadi mvua ikamsaidia. Mimi siwezi kumwita mtu huyo mchafu.

Chini mdomoni, Mirongo unapokutana na ziwa, magugu maji yalikuwa yamekamata kila kitu. Magugu haya yalivamia ziwa tangu miaka ya mwisho ya 1980 na kila serikali imeyapiga vita. Kwa siku ile yalikuwa yanafanya kazi ambayo hakuna aliyeyapa: mizizi yake imeshika chupa mamia kwa mamia, zimepangana, vizibo juu. Upepo ukigeuka, zulia lote linang'oka na kuelea kwenda mwalo mwingine. Aprili 2020 kisiwa cha magugu na udongo kilichokuwa kinaelea kilifika hadi Jinja, kikaingia kwenye mitambo ya umeme, na Uganda karibu nzima ikazima taa. Kilipomeguka kilikuwa cha pwani fulani. Kilipozima umeme kilikuwa cha Uganda.

Haitakuwa haki kusema hatukufanya kitu. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali zilizokuwa zimetapakaa kila stendi na kila mwalo, na ukitaka kujua kama sheria inaweza kusafisha ardhi, mwulize mtu yeyote anayekumbuka stendi za basi za mwaka 2015. Tarehe 1 Juni 2019 ikafuata mifuko ya plastiki. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 kwa adhabu kali inayoweza kufika kifungo cha miaka minne. Mifuko ya rambo ilitoweka madukani kwa kasi ambayo wengi hatukuitegemea.

Lakini kwenye masoko ya Mlango Mmoja na Kirumba nilifungiwa nyanya kwenye vile vifungashio laini vinavyoangaza, ambavyo kisheria ni vya kufungia bidhaa kiwandani na siyo vya kubebea. Mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo, ukiichoma utasikia harufu. Ni plastiki iliyofumwa vingine. Na Uganda, ambako sheria ya kuzuia kavera, yaani mfuko wa plastiki, ipo kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka kumi, kavera bado inatengenezwa na kuuzwa. Ng'ambo moja ya maji mfuko ni kosa la jinai, ng'ambo nyingine ni bidhaa ya kila siku. Mpaka umechorwa kwenye ramani katikati ya ziwa, na mfuko hauna ramani.

Nilipata kufika kwenye uwanja mmoja wa kununua chupa, nyuma ya gereji, Mkuyuni, hapohapo Mwanza. Vijana na akina mama wanaingia na magunia mgongoni, wanaweka kwenye mizani ya kuning'inia, wanalipwa, wanatoka. Chupa ndogo ya maji ni nyepesi sana siku hizi. Inahitaji hamsini na zaidi kutimiza kilo, na kilo yenyewe hainunui chai na chapati mbili. Dada mmoja aliyekuwa ameshusha gunia lake aliniambia anaanzia Igogo kabla jua halijachomoza ili awahi kabla ya wenzake.

"Bei ni ileile mwaka mzima?"

"Ingekuwa ileile ningejenga. Inapanda inashuka. Ikishuka wengine wanaacha, wanakwenda kuuza karanga."

"Inashushwa na nini?"

"Mwulize huyo wa mizani."

Wa mizani alikuwa kaka mtaratibu, mwenye daftari lililojaa mafuta ya mikono. Alinieleza kwamba yeye anauza kwa mwenye gari, mwenye gari anauza kiwandani Dar es Salaam, na kiwanda kinapiga hesabu moja tu: plastiki mpya inauzwaje leo. Ikiwa mpya ni rahisi, ya nini kuhangaika na ya kuokotwa, kuoshwa na kusagwa? Plastiki mpya inatengenezwa kutokana na mafuta na gesi. Mafuta yakishuka bei huko duniani, gunia la dada yule linashuka Mkuyuni, na chupa ambazo angeziokota kesho zinaachwa zisubiri mvua.

Hapo nikaelewa Geneva kuliko nilivyoielewa magazetini. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipokutana Nairobi, nchi 175 zilikubaliana kutunga mkataba wenye nguvu ya kisheria, unaoshika plastiki tangu inapozaliwa hadi inapotupwa. Rasimu ya azimio lile ilisukumwa na Rwanda na Peru. Najivunia kwamba mmoja wa waliolianzisha ni jirani yetu ambaye hana hata hatua moja ya pwani, ila mito yake inaingia Kagera na Kagera inaingia Victoria. Wakakutana Punta del Este, Paris, Nairobi tena, Ottawa, Busan. Busan, mwishoni mwa 2024, nchi zaidi ya 100 ziliunga mkono kuweka kikomo cha uzalishaji. Nchi chache zinazochimba mafuta zilikataa. Wao walisema tatizo ni taka, basi tushughulikie taka: tuzoe vizuri, turejeleze zaidi. Na kwa kuwa mazungumzo yale huendeshwa kwa maridhiano, wachache wanatosha kuwazuia wengi. Geneva ikavunjika palepale, tarehe 15 Agosti 2025.

Ukiisikiliza hoja hiyo ukiwa mbali, ina sura ya busara. Nani asiyetaka taka zizolewe? Isikilize ukiwa umesimama kando ya mizani ile. Urejelezaji wanaousifu unaendeshwa na dada mwenye gunia, na dada mwenye gunia anashindana kwa bei na kiwanda kinachomwaga plastiki mpya bila kikomo. Huwezi kumwambia azoe huku unamshushia thamani ya alichozoa. Sisemi Mwanza haina wajibu wake: mitaro, magari ya taka, mapipa ya Mwaloni, hayo ni yetu na hakuna mzungu atakayetufanyia. Nasema kwamba hata tukiyafanya yote, bei itaamuliwa mahali ambapo mtu wa Igogo hana kiti, na mkataba ndiyo njia pekee ya kumpatia kiti.

Kutoka Mwanza kwenda kisiwa cha Ukerewe nilipanda meli ya asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia, na kwa saa za kwanza hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ndege na mitumbwi ya dagaa inayorudi, taa zake za sola zimepangwa mbele. Abiria walikunywa maji, soda, juisi. Baharia alipita na mfuko akakusanya chupa, na wengi walimpa. Mwanaume mmoja aliyekuwa karibu nami alirusha yake majini kwa kawaida kabisa, kama anayetupa ganda la ndizi, na bibi mmoja akamkaripia kwa Kikerewe hadi akainamisha kichwa. Sikuelewa maneno. Bibi yule alistahili kukaa kwenye ujumbe wa taifa.

Kwenye mwalo mmoja karibu na mji wa Nansio nilikaa na wavuvi waliokuwa wanashona nyavu chini ya mwembe. Mtu asiyevua anaweza kudhani plastiki ya ziwani inatoka mjini tu. Wavu ni nailoni. Kamba ni manila ya plastiki. Maboya ya nyavu za sangara yalikuwa yamekatwa kwenye ndala za zamani, duara kwa duara, kazi nadhifu sana. Madumu ya mafuta ya kula yanashikilia vyelezo vya taa. Mzee mmoja alinionyesha tofauti ya wavu wa nyuzi zilizosokotwa, unaoshoneka hata miaka, na timba, wavu wa uzi mmoja unaong'aa.

"Timba haishoneki," alisema. "Ikichanika ni ya kutupa. Na ni haramu, lakini ni rahisi."

"Inatupwa wapi?"

"Wenye akili wanachoma. Wengine wanaikata hukohuko majini ikinasa kwenye mawe. Inabaki inavua. Haina mwenyewe lakini inavua."

Akanieleza kwamba wamewahi kuopoa timba ya mtu asiyejulikana imejaa sato waliooza. Wavu wa aina hiyo haujui kama mwenyewe ni wa Ukerewe, wa Busia kwa Wakenya au wa Kalangala kwa Waganda, na hauchagui. Ndiyo maana naamini kazi ya kwanza ya ushirikiano ingeanzia kwa wavuvi, na vyombo vya kuifanya tunavyo tayari. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, yenye makao Jinja, ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994. Kisumu kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Rwanda na Burundi nao wamo. Taasisi za utafiti za nchi tatu, TAFIRI yetu ikiwemo, zimewahi kuzunguka ziwa hili pamoja kwa meli zenye mitambo ya sauti kuhesabu samaki, kila mmoja akiamini hesabu ya mwenzake. Natamani meli hizohizo zihesabu na plastiki, kwa kipimo kimoja, mwaka hadi mwaka, ili siku wajumbe wetu watakapokaa tena na dunia wawe na ziwa mkononi. Azimio la Nairobi linaitaja bahari kwa jina. Maziwa yanategemea wenyewe kuyasemea.

Kwamba ziwa nalo linahusika, Waswahili wa Lamu walitangulia kuliona. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililopambwa kwa ndala kuukuu, wakalipeleka Zanzibar kwa tanga mwaka 2019. Machi 2021 wakalileta ziwani, wakaanzia Kisumu. Jahazi la bahari likipandishwa bara kuja kuzungumza na watu wa maji baridi: sijui ishara ya wazi zaidi kwamba jambo ni moja.

Siku ya kurudi nilifika gati la Nansio mapema. Meli ilikuwa inapakiwa: machungwa, mihogo, kuku kwenye matenga, na kreti za soda zenye chupa tupu za kioo, nyingi, zimepangwa juu ya kigari. Nikahesabu kreti zinazoingia, nikatafuta magunia ya chupa za plastiki, nikakosa hata moja, ilhali ufukweni pembeni ya gati zilikuwa zimelala kila mahali. Nikamwuliza kijana wa kigari kwa nini kioo, kizito na cha kuvunjika, kinarudi Mwanza, na plastiki nyepesi inaachwa kisiwani.

"Kreti ina hela ya watu, kaka. Duka limeweka amana. Nikipoteza moja nakatwa."

"Na hizi za plastiki?"

"Hizo hazina amana. Kuzipakia nauli atalipa nani? Kilo haifiki nauli ya gunia."

Nikamwambia kwamba kuna nchi ambako anayeuza kinywaji analazimishwa na sheria kuweka amana kwenye chupa ya plastiki na kuipokea ikirudi, na kwamba hilo ni mojawapo ya mambo ambayo mkataba wa dunia ungeweza kuyataka kila mahali. Aliweka kreti chini ili anisikilize. Kisha akasema hata ingekuwa shilingi hamsini tu kwa chupa, yeye angezipakia hadi juu ya paa la meli, na pale ufukweni, akaonyesha kwa kidevu, watoto wa Nansio wasingeacha hata kizibo.